Gitaa la Mikono Midogo

Nyuzi za gitaa zikikaa muda mrefu bila kupigwa huota kutu, na kutu hiyo ina harufu yake. Hukwama kwenye ncha za vidole hata ukinawa kwa sabuni. Mwezi uliopita nilikuwa sebuleni kwa watu nisiowajua, nimekwenda kumtafutia binti yangu gitaa dogo la umeme lililotumika, na mwenye nyumba aliponiwekea gitaa mapajani nilipitisha vidole juu ya nyuzi, kisha nikavinusa bila kufikiri, kama mtu anayeonja mchuzi. Nikajikuta nacheka. Yule mama akaniuliza kama nimeona kasoro. Nikamwambia hapana, ni mambo ya zamani tu.

Nyinyi wa rika langu mtanielewa nikisema kwamba utotoni mwetu hatukuambiwa kitu. Uliona watu wazima wakinong'ona, uliona nguo yako ya kanisani ikifuliwa siku isiyo ya kufua, na kazi ya kuunganisha mambo ikabaki kuwa yako. Mimi nilikuwa hodari wa kuunganisha. Shida ni kwamba mara nyingi niliunganisha vibaya, na safari moja niliunganisha vibaya kiasi kwamba nusura niikose zawadi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa.

Mama alifariki nikiwa darasa la tatu. Baba alikuwa ametangulia zamani, hata sura yake siikumbuki. Mdogo wake baba, ambaye nilimwita Tata, yaani baba, kama watoto wake walivyomwita, akanichukua nikaishi kwake Sironga, pamoja na mkewe, niliyemwita Mama Mdogo, na watoto wao wanne. Walinipokea vizuri. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu nikieleza hofu niliyokuwa nayo mtu anaweza kudhani nilikuwa napigwa au nalala njaa. Nilikula walichokula wao, na Mama Mdogo alinisuka nywele siku ile ile aliyowasuka binti zake. Lakini hakuna aliyekuwa ameniambia nitakaa hapo mpaka lini. Kwa hiyo nilikaa kama mgeni anayejua amekawia. Nilikuwa wa kwanza kuamka na wa kwanza kushika ufagio, na kwenye majani chai nilichuma mpaka kikapu kikaanza kuniburuta. Sikuomba chakula cha pili hata siku moja.

Halafu kulikuwa na Moraa. Moraa tulikaa dawati moja, naye pia alikuwa yatima, analelewa na nyanya yake. Siku moja alikuja mama mmoja kutoka mjini, akamwambia Moraa anyooshe mikono, akaigeuza huku na huku, akaminya viganja, akaridhika. Jumapili iliyofuata Moraa alioshwa, akapakwa mafuta mpaka akang'aa, na mjomba wake akamtangulia njiani amebeba mkungu wa ndizi. Jumatatu nilikaa kwenye dawati peke yangu. Baadaye tulisikia analea mtoto wa watu huko mjini, na kwamba shule ameambiwa asubiri. Mimi nikaushika ule mpangilio kichwani kama nilivyoshika jedwali la kuzidisha. Kwanza wanaangalia mikono. Kisha inakuja Jumapili na kuoshwa. Mwisho ni ndizi.

Sasa niwaambie kuhusu Tata. Kabla sijazaliwa alipiga gitaa katika bendi moja ya benga iliyokuwa ikizunguka kwenye klabu za Kisii. Kisha akabatizwa, akaliuza gitaa, akarudi shambani, na habari hiyo ikaishia hapo. Mimi niliisikia kwa watu, maana yeye hakuwa mtu wa maneno. Na kuahidi ndiyo kabisa hakuahidi kitu. Mama Mdogo alituambia kwamba zamani alimwahidi kifungua mimba wake baiskeli, majani chai yakafanya vibaya mwaka huo, na kijana akashinda barabarani Desemba nzima akiingojea. Tangu hapo, kama Tata alikuwa na jambo zuri la kukufanyia, ulilijua likishaingia mlangoni.

Kanisani kwetu kwaya ilikuwa na gitaa moja, la mbao, kubwa. Jumamosi mchana, siku yetu ya Sabato, wazee wakiwa kwenye kikao chao, mimi nilijipenyeza nyuma ya mimbari nikalipakata. Mkono wa kulia ulilazimika kupanda juu ya lile tumbo lake mpaka bega likauma. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa msiba. Shingo ilikuwa nene na ndefu, nyuzi zimeinuka juu yake, na kidole changu cha mwisho kilikuwa kikifika katikati ya safari kinarudi. Hata hivyo niliutafuta wimbo wa kufungia Sabato kwenye uzi mmoja, nikaupata wote isipokuwa pale juu ambapo mkono haukufika. Kiongozi wa kwaya alinikuta, akalichukua gitaa lake kwa upole. "Wewe ngoja ukue kwanza," akasema. Nilidhani ni yeye tu aliyeniona. Tata alikuwa ameketi benchi la nyuma akimsubiri mtu, lakini sikumtia maanani.

Wiki chache baadaye, jioni tumetoka kupeleka majani kwenye kituo cha kupimia chai, Tata aliniita mezani. Alikuwa na uzi wa kushonea magunia.

"Lete mkono. Hapana, ya kushoto."

Akaniambia nitanue vidole. Akapima kutoka dole gumba mpaka kidole cha mwisho, akafunga fundo. Akapima kutoka kidole cha kwanza mpaka cha mwisho, akafunga lingine. Akapima urefu wa kidole cha kati, fundo la tatu. Kisha akakiminya kiganja changu kwa dole gumba lake, akamgeukia mkewe. "Ni midogo sana," akasema, "lakini iko na nguvu." Mama Mdogo akaitikia kwa kichwa na kuendelea kuchambua mboga. Ule uzi ukaingia mfuko wa shati.

Sikulia. Nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa kwenye kinu, nikaitazama mikono yangu kwa chuki ambayo sijawahi kuwa nayo kwa kitu kingine chochote. Nilijilaumu kwa kila kikapu nilichojaza. Nilikuwa nimechuma kwa bidii ili wasione sababu ya kuniondoa, kumbe bidii yenyewe ndiyo iliyowaonyesha kwamba nafaa kupelekwa. Ndivyo nilivyoamini, na kwa wiki mbili kila kitu kilikuja kuniunga mkono. Ijumaa moja nguo yangu nzuri ilifuliwa peke yake. Jumapili asubuhi Mama Mdogo aliniita mimi peke yangu kati ya watoto wote, akanisugua magoti kwa jiwe, akanipaka mafuta. Nilipotoka nje nilimkuta Tata amesimama na viatu vya kanisani, na miguuni pake mkungu wa ndizi.

Nilikuwa nimejiandaa. Ndani ya mfuko wa plastiki niliweka nguo yangu ya pili, leso ya marehemu mama na daftari la hesabu, maana nilitumaini huko niendako huenda kukawa na shule.

"Huo mfuko ni wa nini?" Mama Mdogo akauliza kwa haraka, maana ng'ombe alikuwa anamngoja.

"Ni vitu vya shule," nikasema.

Sikumuaga mtu, nilijua nikifungua mdomo nitalia. Nilimuaga ndama tu. Halafu nikampa Nyaboke, binti mdogo wa Tata, rula yangu mpya. Akaipokea bila kuuliza swali na kukimbia nayo kabla sijabadili nia.

Safari ya kwenda mjini Kisii siikumbuki. Nakumbuka tu kwamba njia nzima nilikuwa napanga. Niliona wazi kwamba kama mikono ndiyo iliyoniponza, basi mikono hiyo hiyo ndiyo itakayoniokoa. Nitakuwa mtoto asiyefaa. Nitadondosha vitu, nitashika ovyo, mpaka wenye nyumba waseme hapana.

Tulipanda ngazi nyuma ya duka moja la vitambaa, tukavua viatu mlangoni. Ndipo nikaingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ya Waislamu, nyumba iliyonukia udi na iliki, na mazulia mpaka kwenye kona. Mwenyeji wetu alikuwa mama mnene mwenye dera la maua, jina lake Bi Rukia. Kiswahili chake kiliteleza mpaka mimi na Tata tukaonekana tuna mawe mdomoni. Alipokea ndizi kwa shukrani nyingi. Begani alikuwa na mjukuu mchanga anayelia kwa nguvu zake zote.

"Hebu nishikie huyu, mwanangu," akaniambia, "nikaitazame chai."

Mtoto akatua mapajani mwangu. Nikamtazama Tata. Alikuwa anatazama zulia, anatabasamu kidogo. Nikakumbuka mpango wangu, nikamshika yule mtoto kwa ugumu kama anayeshika kuni, bila kumbembeleza, bila kumtazama. Akanyamaza. Akaweka shavu kwenye kifua changu na kulala. Sijui kama umewahi kumchukia mtu wa miezi minne, lakini mimi siku ile nilimchukia.

Bi Rukia alirudi na chai, kisha akaingia chumbani akatoka na gitaa jekundu la umeme na spika ndogo. Lilikuwa dogo kuliko gitaa lolote nililowahi kuona, shingo yake fupi na nyembamba. Alisema ni la kijana wake Idris, shangazi yake alimletea kutoka Uarabuni alipokuwa mdogo. Sasa yuko sekondari ya bweni na ana kubwa zaidi. Mimi sikushangaa. Nilijua Tata alikuwa mtu wa magitaa, nikadhani mama wa watu anamburudisha mgeni wake kabla ya mazungumzo yenyewe.

Na kweli Tata alibadilika. Alilichukua, akafumba jicho moja na kuitazama shingo kwa urefu wake, kama seremala anavyokagua ubao. Akazungusha vifunguo vya kukazia nyuzi, kimoja kimoja. Akaunganisha waya, spika ikakwaruza. Akautikisa waya pale unapoingilia. "Hapa panalegea, mama, lakini hiyo ni ya kuchomelea tu. Nyuzi zimeshika kutu, hizo nitabadilisha. Shingo ndiyo ningeogopa, na shingo iko sawa." Kisha akabonyeza kila uzi kwenye kila kijichuma cha shingo, kuanzia juu hadi chini, akisikiliza. Alipomaliza vidole vyake viliondoka vyenyewe, vikapiga kipande cha benga, chepesi, cha kasi, ambacho sikujua kama kinaweza kutoka kwa mtu huyu ninayemwona kila siku na kikapu cha chai mgongoni. Alikikatiza katikati na kufuta mkono kwenye suruali kama mtu aliyefumaniwa.

"Kuja ujaribu," akaniambia.

Bi Rukia akamlaza mtoto kando yangu, Tata akaniwekea gitaa mapajani. Nililisikia likinikaa. Kiwiko hakikupanda, bega halikuuma, na vidole vilifika vilikotaka kufika. Mwili wangu ulijua mara moja, ila kichwa kilikuwa mahali pengine, kilikuwa kwenye viganja vya Moraa.

"Bonyeza hapa. Na hapa. Kaza."

Nikalegeza. Nilivifanya vidole vyangu kuwa laini kama mlenda. Uzi ukatoa mkwaruzo mbaya.

"Kaza, Bosibori."

Nikalegeza zaidi. Akanisogezea mkono mahali pengine, kisha pengine tena. Mkwaruzo, mkwaruzo. Akalichukua akabonyeza mwenyewe, sauti ikatoka safi. Akanirudishia, mkwaruzo. Ndipo akaitazama mikono yangu kwa muda, na uso wake nauona mpaka leo, uso wa mtu aliyepima mara nyingi na bado akakosea. Siku ile niliusoma uso huo kama ushindi wangu.

"Bado," akasema polepole. "Mikono bado. Samahani mama, tumekusumbua bure." Akaliegemeza gitaa kwenye kochi, akaenda mlangoni kuvaa viatu.

Furaha niliyokuwa nayo! Tunarudi nyumbani. Nilimkabidhi Bi Rukia mjukuu wake na kunyakua mfuko wangu. Haraka hiyo ndiyo iliyonifichua, kwa sababu mfuko ulikuwa wa plastiki nyembamba, ukapasuka, na nguo na leso vikaanguka kwenye zulia. Bi Rukia aliviangalia. Akamtazama Tata kule mlangoni, aliyekuwa ametupa mgongo akihangaika na kamba za viatu. Akainama kunisaidia kuokota, akasema chinichini:

"Hulipendi lile gitaa?"

"Ni la mwenyewe," nikasema.

"Mwenyewe nani?"

"Wa hapa."

Akaikunja ile leso. "Huyu baba yako alikuja hapa Jumapili iliyopita na kiuzi chenye mafundo. Akakipimisha kwenye hiyo shingo mpaka chai yake ikapoa. Kaniambia, nina binti, mkono wake mdogo, nimemtafutia kote nimekosa. Sasa mwanangu, wewe ulidhani unaletwa kufanya nini?"

Nilichoweza kuuliza ni hiki: "Na mtoto atalelewa na nani?"

Alikaa chini kwa kicheko. Alicheka kimya kimya, tumbo likitikisika na mjukuu juu yake, kisha machozi yakamtoka, na sina hakika kama yalikuwa ya kicheko peke yake. "Mtoto ana mama yake, yuko hapo chini dukani," akasema. Akanisukumia lile gitaa. "Shika."

Nikashika. Nikakaza, mara hii kwa nguvu zote za vikapu vya chai, na kidole cha mwisho kikafika mahali ambapo hakikuwahi kufika. Sauti ilitoka nzima, ikajaa chumba. Nikautafuta wimbo wa kufungia Sabato, na pale juu nilipokuwa nakwama siku zote nikapita. Nilipoinua kichwa Tata alikuwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja.

Alirudi hivyo hivyo, mguu mmoja na soksi, akachuchumaa mbele yangu. "Hapo kwanza ulikuwa na nini?"

"Vidole vilikuwa vimelala," nikasema. Sikuwa na uongo mwingine.

"Sasa vimeamka?"

"Ndiyo."

Akakubali. Baadaye sana Mama Mdogo alinisimulia jinsi Tata alivyohangaika. Magitaa ya kuuza yalikuwepo, lakini yote ya watu wazima, na alipopata dogo likawa na kasoro. Alilolipata kule Nyaramba shingo yake ilikuwa imepinda kwa mvua. La kule Masimba lilikuwa kubwa ambalo fundi fulani alilikata shingo kwa msumeno na kuigundisha upya, akaacha vijichuma pale pale vilipokuwa, kwa hiyo kila noti ilitoka kombo. Tata alirudi nyumbani siku hiyo amekasirika kuliko kawaida yake, anamsema fundi njia nzima. Mimi niliona uso wake tu alipoingia, nikadhani amenikasirikia mimi.

Sijui jinsi ya kueleza nafuu ya siku ile. Watu husema mzigo umenitoka, lakini mimi nilihisi njaa. Ghafla nilitaka kula kila kitu kilichokuwa kwenye meza ya Bi Rukia, na nikala, mahamri matatu, na nikaomba la nne kwa mdomo wangu mwenyewe.

Bi Rukia alilifunga gitaa kwa shuka kuukuu. Alikuwa mfanyabiashara, lakini alikuwa mkweli. "Baba, nikwambie mapema usije ukanilaumu. Hili halitamkaa sana. Idris alilipiga miaka mitatu tu, vidole vikaanza kugongana."

"Miaka tatu ni sawa," Tata akajibu. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti anavaa kiatu cha pili. "Hii atapatia Nyaboke. Huyu akifika darasa la saba nitamtafutia kubwa."

Nilikuwa darasa la nne. Nikahesabu kwa vidole, la tano, la sita, la saba. Tangu mama afe, hakuna mtu aliyekuwa amenitaja mimi mbali zaidi ya wiki ijayo. Nilisimama pale nimekumbatia gitaa ndani ya shuka, na swali likanitoka kabla sijalizuia.

"Tata, darasa la saba nitakuwa bado niko kwetu?"

Mkono wake ukasimama kwenye kamba ya kiatu. Akanitazama, paji la uso limekunjamana, kama mtu aliyeulizwa kitu kwa lugha asiyoijua.

"Utakuwa wapi tena?" akasema. Hakuwa ananituliza. Alikuwa anauliza kweli, na alisubiri nimjibu.